Kitambaa cha Serikali Hakichuji

Mwaka ule sikukuu iliangukia siku moja kabla ya sherehe ya taifa, na maji ya bomba yakatoka mara moja tu juma zima. Kwa watu wengine hayo yalikuwa mambo mbalimbali. Kwa Dobi na mkewe yalikuwa ugomvi mmoja, nao ulianza asubuhi, uani, kati ya pipa la kuchemshia na kamba za kuanikia.

"Maji haya ni ya nguo za ibada," mke alisema, akipanga kuni chini ya pipa. "Bendera zako zingoje mgao ujao."

"Mgao ujao ni juma lijalo, mke wangu. Sikukuu kesho kutwa, sherehe mtondo. Zitangojaje?"

"Basi wazipandishe zilivyo. Bendera hukaa juu kule. Nani atapanda mlingoti kuinusa?"

Dobi hakuupenda utani huo. Bendera zenyewe zilikuwa mpya, lakini zilikuwa zimelala katika stoo ya ofisi ya kata, ambayo paa lake linavuja, zikapata ukungu na harufu ya panya. Tarishi alizileta zikiwa zimefungwa kwa kamba ya katani, akazibwaga mlangoni na salamu zilezile za kila mwaka: ofisi inamshukuru Dobi kwa mchango wake. Maana yake hakuna malipo. Dobi alikuwa akiutoa mchango huo tangu ujana wake, na mkewe alikuwa na maneno yake kuhusu jambo hilo. Alisema katika taifa zima lenye watu wasiohesabika, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuombwa mchango, na kwa bahati mbaya yeye ndiye aliyeolewa naye.

Mtaani mke huyo walimwita Mama Buluu, kwa ajili ya buluu aliyoitia katika maji ya mwisho ya kusuuzia ili nyeupe izidi kuwa nyeupe. Siku ya sikukuu watu wa mtaa ule waliingia ibadani wakiwa weupe kuanzia wazee hadi watoto wachanga, na weupe ule ulitoka mikononi mwake. Akina mama hawakumkabidhi Dobi nguo zile. Walimkabidhi yeye, mkono kwa mkono, na yeye aliwajibu neno moja tu: "Utaipenda." Hakuandika jina la mtu. Alizijua nguo kwa kola na kwa viraka vyake.

"Hivi nikuulize," Dobi alisema, maana hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. "Sikukuu mnaihangaikia mwezi mzima. Sherehe ya nchi yenu wenyewe hamtaki hata kuifulia kitambaa. Nchi imewakosea nini?"

"Haijanikosea. Hatujuani tu." Mama Buluu alikoleza moto, akajifuta jasho kwa upande wa mkono. "Sikukuu naingia jikoni kwa mtu bila hodi, nafunua sufuria, naonja. Niliyemnunia ananitafuta nimpe mkono. Nikiugua, wanakuja na sahani kitandani. Kwenye sherehe yako naambiwa, wewe mama, nyuma ya kamba. Nasimama juani nasomewa hotuba, halafu narudi nyumbani na njaa. Hebu sema wewe, utaikimbilia ipi?"

Mkewe akaenda dukani kununua sabuni ya kuongezea.

Tuseme haki, Dobi hakuwa mtu wa hila. Angekuwa na hila asingekuwa anafua bendera za bure uzeeni. Alilitazama pipa linaloanza kutokota, nguo nyeupe zikipanda na kushuka ndani yake, akaona nafasi ipo. Miaka yote aliyofua bendera hazikuwahi kutoa hata tone la rangi. Zile za zamani ungeweza kuzichemsha na shuka la bibi harusi na usione kitu. Jambo hilo lilikuwa kwake karibu na imani. Vitambaa vya madukani vinachuja, lakini kitambaa cha serikali hakichuji. Akazikung'uta vumbi, akazitumbukiza zote, akakoroga kwa mti, akaingia ndani kutia makaa kwenye pasi. Moyoni alikuwa ameridhika kwamba amepatanisha mambo bila kumsumbua mtu.

Alichokuwa hajakijua ni kwamba mwaka ule ofisi ilikuwa imepata muuzaji mwingine wa bei poa.

Mama Buluu ndiye aliyefika kwanza penye pipa. Dobi alimsikia akiita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini, akatoka mbio na koleo mkononi. Povu lilikuwa jekundu. Mkewe alikuwa ameinua nguo moja kwa ncha ya mti, na maji yaliyotiririka kutoka kwenye mkono wa shati yalikuwa kama ya mtu aliyechemsha waridi. Akaishusha, akainua nyingine. Akaishusha. Akaendelea hivyo mpaka alipofika kwenye bendera, na alipoiona hiyo hakuinua kitu kingine tena.

"Za serikali huwa hazichuji," Dobi alisema.

Walihangaika mchana kutwa. Walisuuza kwa maji yote yaliyobaki, wakatia dawa ya madoa, wakakamua ndimu, wakaanika juani. Lakini rangi iliyopikwa na nguo haitoki, na maji yakimwagika hayazoleki. Jua lilipoelekea kutua, ua mzima ulikuwa na mashati, magauni na vikofia vya watoto vyenye rangi moja ya waridi, wala haikuwa na madoa. Ilikuwa imetulia vizuri, na ukiitazama bila kujua habari zake ungesema inapendeza. Hilo lilimchoma Mama Buluu zaidi.

"Nimewapa watu neno langu," alisema hatimaye, akiwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa. "Kila mmoja nilimwambia ataipenda. Sasa nisikilize. Mimi siendi kumrudishia mtu nguo hizi. Utazirudisha wewe. Na sikukuu hii sitoki ndani. Sitaonana na mtu."

Baada ya hapo akanyamaza. Dobi alikuwa amezoea kugombezwa na mke huyo, na katika kugombezwa kwake alikuwa akipata raha fulani asiyowahi kuikiri. Kimya hakukizoea. Alipakua chakula mwenyewe, akakila kidogo, akakirudisha sufuriani.

*

Kesho yake alipiga pasi tangu alfajiri, na hakuwahi kupiga pasi hivyo maishani mwake. Kila kola aliitia wanga ikasimama. Kila mkunjo ulikuwa umenyooka hata ungeweza kukatia mkate. Alizikunja nguo vizuri, akazifunika kwa shuka safi, akajikaza kisabuni, akatoka.

Alianzia kwa mwenye bucha, kwa sababu ndiye aliyemwogopa zaidi. Bucha ilikuwa imejaa wateja wa nyama ya sikukuu. Alijaribu kumwita mwenyewe pembeni, lakini mwenye bucha hakuwa mtu wa pembeni. Alifuta mikono, akaifunua nguo mbele ya watu, akaiinua juu. Lilikuwa shati lake la ibada, pana la kutosha watu wawili.

"Dobi," alisema polepole, "mimi ni muuza nyama. Damu ninayo yangu ya kutosha. Nilikupa shati ili angalau siku moja kwa mwaka nionekane sina."

Wateja wakacheka. Dobi akaeleza habari ya bendera, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Mwenye bucha hakucheka. Alimwambia kwamba hajali taifa wala panya wake, anachojali ni kwamba kesho ataingia mbele ya Mungu na mbele ya mashemeji zake akiwa kama mwali. Alisema atalipwa shati hilo, tena si kwa maneno. Dobi akakubali. Akasimama pale kichwa kimeinama mpaka mwenye bucha alipochoka, akamwambia apishe wateja.

Kwa mwalimu hakupigiwa kelele, na ingekuwa afadhali angepigiwa. Mwalimu alimkaribisha kiti, akavaa miwani, akaikagua nguo ndani na nje, akamuuliza kwa upole kama aliwahi kwenda shule. Dobi akasema alikwenda kidogo. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma. Mke wa mwalimu akatokeza kichwa nyuma ya pazia.

"Zimeharibika za kwetu tu, Dobi?"

"Za mtaa mzima, shemeji."

"Mtaa mzima? Hata za mwenye bucha?"

"Hata zake."

Mke wa mwalimu akarudi haraka nyuma ya pazia, na Dobi akamsikia huko akijiziba mdomo asicheke.

Akaendelea hivyo, mlango baada ya mlango. Mmoja alimrushia nguo usoni. Mwingine alilia, kwa kuwa mtoto wake alikuwa anaingizwa ibadani kwa mara ya kwanza, na Dobi naye akajikuta machozi yanamlenga. Alisema samahani mpaka neno lenyewe likaanza kumpotea maana mdomoni. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bibi Mkunga, aliyezalisha karibu nusu ya mtaa kabla magoti hayajamwangusha.

Bibi alilipokea gauni lake, akalitandaza mapajani, akalitazama muda mrefu.

"Hili nilisema nizikwe nalo," alisema.

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimekuacha mwisho. Sikuwa na uso wa kuja."

"Sasa nitafika huko nimevaa waridi. Wataniuliza natoka harusi ya nani." Akalipangusa gauni kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na ilimchukua Dobi muda kujua kwamba bibi anacheka. "Wamekugombeza huko ulikopita?"

"Wamenigombeza, bibi. Wamenisema mpaka basi."

"Vizuri. Mtu asiyegombezwa hana jirani. Nilipozalisha watoto wa watu niligombezwa kila siku, na kila siku waliniita tena." Akamtazama. "Na mkeo?"

"Haongei. Anasema hatatoka kesho."

"Hatatoka?" Bibi Mkunga akalikunja gauni, akaliweka kando kwa uangalifu. "Haya, nenda. Umechoka."

Lakini Dobi hakwenda nyumbani. Zilikuwa zimebaki bendera.

Njiani alipanga maneno. Nyekundu ya bendera ilikuwa imepauka kabisa, ikawa kitu kisichokuwa na jina, na rangi nyingine zilikuwa zimeingiliana pembeni. Alijua kuharibu bendera si mchezo. Aliwaza huenda atawekwa ndani, huenda atatangazwa, hata akafika ofisi ya kata. Ofisa wa kata alikuwa mezani anazungumza kwenye simu, akimwambia mtu alete malori mawili ya watu, matatu kama yapo, maana mwaka uliopita uwanja ulikuwa mtupu na wakubwa walinuna. Alipomwona Dobi akaonyesha kona kwa kidevu.

"Weka pale."

"Mheshimiwa, naomba uziangalie kwanza."

"Nimeziona."

"Hujazikunjua, mheshimiwa. Nyekundu yake..."

"Ziko zote?"

"Zote zipo."

"Basi. Mimi naulizwa idadi." Akarudisha simu sikioni, kisha akakumbuka adabu. "Asante kwa mchango wako, mzee."

Dobi aliikunjua moja hata hivyo, akaishika wazi mbele ya kifua chake, imepauka kama kitambaa cha kufutia meza. Ofisa alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akaendelea na malori yake. Dobi akaikunja tena, akaiweka pale. Alikuwa ametoka bucha na aibu ya kumtosha mwezi mzima, lakini alitembea. Kutoka ofisini hakufika mbali. Alikaa kwenye ukuta mfupi nje ya lango kwa muda, asijue ni nini hasa kimemkata nguvu, maana hakuna aliyemfanyia ubaya wowote.

*

Asubuhi ya sikukuu Mama Buluu aliamka akapika kila kitu alichozoea kupika, kwa kuwa mikono haijui kununa. Alikaanga nyama, akaoka mikate, akajaza hotipoti kubwa ya wageni. Kisha akafunga dirisha la mbele, akavaa nguo ya kushindia, akakaa chumbani na mlango kaurudisha. Dobi alikaa kibarazani kwa shati lake la ibada, ambalo nalo lilikuwa limegeuka waridi, kwa sababu aliona si haki watu wavae aibu yake na yeye avae nguo nyingine. Alingoja kuwaona wakipita na nguo zao za rangi za siku za kawaida. Alijiambia akiwaona hivyo atakufa.

Wa kwanza kutokea alikuwa mke wa mwenye bucha, na alikuwa wa waridi kuanzia kilemba hadi kifundo cha mguu. Nyuma yake alikuja mke wa mwalimu, waridi, na watoto wake wamefuatana, waridi. Bibi Mkunga alikuwa katikati, ameshikwa mikono huku na huku, anatembea kwa gauni lake la kuzikiwa.

"Mkeo yuko wapi?" Bibi aliuliza bila salamu.

"Yuko ndani, bibi."

Waliingia bila hodi. Mama Buluu alisikia nyayo, akadhani ni watu wamekuja kumsuta, akajifunika shuka kichwani.

"Amka," Bibi Mkunga alisema. "Hatujaja kukusamehe. Tumekuja kukuchukua."

"Niacheni jamani. Nimewatia aibu."

"Ungetutia aibu ungempaka mmoja," mke wa mwenye bucha alisema. "Umetupaka sote. Jana nilitaka kukuchana. Mume wangu alikuwa anaungurumia shati mpaka wakati wa kulala, nikamwuliza, na mwalimu lake likoje? Akasema hivyohivyo. Na la kinyozi? Hivyohivyo. Basi nikamwambia, sasa nani atamcheka nani? Kifo cha wengi harusi."

"Na huko mbele watu wa mitaa mingine watauliza," mke wa mwalimu aliongeza. "Tutawaambia ndiyo mtindo wetu wa mwaka huu. Lakini mwenye mtindo akijificha ndani itaonekana uongo. Liko wapi gauni lako?"

Gauni lake lilikuwa chini ya godoro. Nalo lilikuwa ndani ya pipa siku ile, na alikuwa amelificha asilione. Walilitoa limejikunja, na Dobi aliyekuwa amesimama mlangoni akalichukua bila kuambiwa, akawasha pasi. Wanawake wote wakangoja. Alilipiga pasi macho yakiwa yamejaa maji, akisema ni moshi wa makaa.

Wakaenda ibadani mtaa mzima, na ulikuwa msafara wa kutazamwa. Watoto walipita mbio, akina baba walitembea wamekaza shingo, na mwenye bucha alitembea mbele yao wote, mkubwa, wa waridi, akimtazama kila mpita njia kwa macho ya kumwuliza kama ana la kusema. Kufika kule mama mmoja wa mtaa wa pili alimvuta Mama Buluu kando, akamwuliza rangi ile inauzwa duka gani. Mama Buluu alicheka hadi akashika ukuta. Baada ya ibada watu walipeana mikono na kukumbatiana, walionuniana wakatafutana, na mwenye bucha akamwambia Dobi mambo ya kulipana shati wayaache, lakini akirudia mwakani atamkata. Mama Buluu alimpa mkono kila mtu aliyemwona.

Ila mumewe alimpita bila kumpa mkono. Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, alisema akiwa ameielekea sufuria anayoisugua, "Watu wamesamehe. Mimi bado." Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu siku ya pipa, naye Dobi aliyapokea kwa shukrani, kwa kuwa angalau yalikuwa maneno.

*

Siku ya sherehe ya taifa Dobi aliamka, akakaa kitandani, akabaki hapohapo. Mama Buluu alifagia ua, akarudi, akamkuta amekaa vilevile. Kila mwaka saa hizo alikuwa ameshanyoa ndevu na kuvaa, anazunguka nyumba nzima akiuliza viatu viko wapi, na yeye humwonyesha huku akimcheka.

"Mbona hujavaa?"

"Mwaka huu siendi."

Dobi alidhani atamfurahisha. Badala yake mkewe akaegemea ufagio. "Kuna nini?"

Basi Dobi akamweleza ya ofisini, namna alivyoikunjua bendera na kuishika wazi, na namna ilivyotazamwa. Alieleza kidogokidogo, kama anayesimulia ugonjwa wa mtu mwingine.

"Hakukugombeza?"

"Hapana."

"Hata hakuuliza imekuwaje?"

"Aliuliza idadi." Dobi akajitazama vidole, vilivyojaa makovu ya pasi. "Unajua, kwa shati lake mwenye bucha alitaka kuniua. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa bendera niuawe zaidi. Kumbe nilikuwa nafua vitu visivyo na mwenyewe. Miaka yote hiyo. Wewe ulisema, nikabisha."

Mama Buluu alikuwa amengoja kwa miaka mingi kusikia kwamba alisema kweli, na sasa alipoambiwa, hakuona utamu wake. Alimwona mumewe amekuwa mzee ghafla, amekaa na fulana yake kitandani, na hasira iliyobaki ikamtoka, asijue imetokea wapi. Akaenda jikoni. Akapasha moto nyama na mikate iliyobaki, akajaza hotipoti, akaifunga kwa kitambaa. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la waridi.

"Inuka, tunachelewa."

"Tunakwenda wapi?"

"Jana ulikuja kwenye sikukuu yangu, nami nilikuwa sikusemeshi. Ulikuja tu, ukakaa nyuma, hukunung'unika. Leo mimi nakuja kwenye yako. Viatu viko chini ya meza."

Uwanja ulikuwa kama Mama Buluu alivyoukumbuka. Upande mmoja lilikuwepo turubai, viti na maua na watu wachache waliokwisha kufika. Upande wa pili palikuwa na jua, na kamba iliyozungushwa, na askari vijana waliosimama kwa mapana kuilinda. Nyuma ya kamba walikuwamo watu wa malori, wamechuchumaa, kila mmoja akitafuta kivuli cha mwenzake. Hotuba ilikuwa imeanza. Bendera zilikuwa zimepandishwa juu ya milingoti na upepo ulikuwa unazichezesha.

Mama Buluu aliweka kiganja juu ya macho, akatazama.

"Ndiyo zile?"

"Ndiyo hizo."

Akazitazama moja moja, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Wewe mwanamume," alisema, "hivi ndivyo ulivyoifanya bendera ya watu? Tazama nyekundu ile, imekuwa kama ulimi wa mgonjwa. Hujui kwamba kitu kipya hujaribiwa kwanza kwenye beseni? Umefua nguo maisha yako yote, mtu mzima, unatumbukiza kitu kama hicho kwenye maji yanayochemka? Watoto wa shule wameletwa hapa kutazama kile? Watadhani nchi yao imechakaa. Ningekuwa mimi mwenye ofisi ningekuchapa mbele ya watu."

Sauti yake ilikuwa imepanda, na watu wa malori wakageuka. Dobi alisimama mbele yake akisemwa, mikono imelegea, na aliona kifua chake kinafunguka.

"Endelea," alisema.

"Niendelee nini?"

"Nilikuwa nangoja mtu aniambie hayo."

Mama Buluu akamtazama, akaelewa, akageuza uso upande kidogo. Kisha akatandika kitenge chake chini, akakaa, akamvuta mumewe akae. "Haya niambie," alisema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kukuuliza. Unapenda nini hapa?"

"Si hapa. Ni ile siku yenyewe ya kwanza, ya uhuru. Nilikuwa mdogo, baba amenibeba mabegani. Hakukuwa na viti wala kamba. Mama alikuwa amepika tangu jana yake, wala hakutupikia sisi. Kila nyumba ilikuwa wazi, unaingia popote, unakula. Mtu nisiyemjua alinilisha kwa mkono wake, analia na kucheka. Watu waliogombana miaka walikuwa wanashikana mikono barabarani. Kila mwaka nikija hapa nadhani labda nitaiona tena."

Jukwaani hotuba iliendelea, ikitaja takwimu za mabomba ya maji.

"Kumbe ilikuwa sikukuu," Mama Buluu alisema.

"Ilikuwa sikukuu."

Akafungua hotipoti. Harufu ya nyama ikatoka, na mama mmoja wa malori aliyekuwa karibu akageuza shingo, kisha akajizuia kwa adabu. "Sogea, dada," Mama Buluu alimwambia. "Umetoka mbali, na hapa hamtapewa hata maji. Chukua. Mpe na huyo mtoto." Mama yule akasogea, na mwenzake akasogea, na mzee mmoja aliyekuwa amejifunika gazeti kichwani. Mkate ukakatwa vipande vidogo na kuzidi kukatwa. Mmoja alikuwa na ndizi mfukoni, akazitoa. Mwingine akaanza kucheka kwa sababu ya gauni lake na shati la Dobi, vyote vya waridi, akaulizwa anacheka nini, ikabidi asimuliwe habari ya pipa, na Dobi ndiye aliyesimulia, na duara likazidi kuwa kubwa. Wakamkaripia wote pamoja kwa kuiharibu bendera yao.

Kicheko kilimfikia askari wa kamba. Alikuja haraka, kijana mwenye jasho chini ya kofia, midomo imemkauka kwa kusimama tangu alfajiri.

"Nyinyi, nyinyi," alisema, "huku kuna mkusanyiko gani? Mnafanya sherehe gani hapa?"

Mama Buluu alikuwa ameshika kipande cha mwisho cha nyama juu ya mkate, anatafuta wa kumpa.

"Sherehe ya taifa, mwanangu," alimjibu. "Kwani wewe ulidhani uko wapi?"

Akamnyooshea mkate. Kijana akatazama kule jukwaani, akautazama ule mkono wa mama uliokuwa unamngoja, akavua kofia yake, akakaa.